Mlango wa Mbao Mbichi

Kaburu alijua nyama kama padri anavyojua misa. Ukimwonyesha ng'ombe angali anatembea, angekuambia mafuta yamelala wapi na mfupa gani utasumbua shoka. Miaka mingi alisimama nyuma ya dirisha la buchari moja pale Majengo, mjini Meru. Kuchinja kulikuwa na wenyewe; yake ilikuwa kukata, kupima, na kuwasikiliza akina mama wakilalamika. Kisha mwenye buchari akafariki, wanawe wakageuza chumba kuwa duka la vifuniko vya simu, na Kaburu akabaki na kisu chake na aproni isiyotoka damu hata ukiichemsha na magadi.

Mtu mwingine angebisha hodi kwenye buchari ya pili. Yeye alikuwa na gogo kichwani.

Gogo lenyewe lilikuwa la kukatia nyama. Lililetwa likiwa bado linatoa maji, zuri, pana kama meza. Miezi michache baadaye lilipasuka ufa ambao ungeweza kumeza kidole, na nyama ikawa inanasa humo. Kaburu alitafuta pete ya chuma ya pipa kuukuu, akalifunga gogo, akagongelea kabari, ufa ukafumba mdomo. Wateja walipoliona wakasema, “Kumbe wewe ni fundi.” Sifa ni kitu cha hatari. Ukipewa una njaa, unaihesabu kama chakula.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Nyama huisha. Unakata asubuhi, jioni imeliwa, kesho unaanza upya kana kwamba jana hukuwepo. Hakuna nyumba Meru nzima ambayo angeweza kupita nje yake akasema, kile kitu mle ndani nimekifanya mimi.

Ndipo akateremka hadi Kinoru, chini kidogo ya uwanja wa mpira, kwenye banda la mabati la fundi aitwaye Igoki. Alikuwa mama wa makamo, penseli imechomekwa kwenye kilemba, na maneno yake yalikuwa machache ila makali.

“Umesomea wapi hii kazi?” Igoki aliuliza bila kuacha kupiga randa.

“Sijasomea.”

“Umefanya kwa nani?”

“Hakuna. Lakini nilifunga gogo.”

“Gogo lilikuwa linakimbia?”

Kaburu akaeleza habari ya buchari. Igoki akaweka randa chini, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza juu chini kama anayenunua maparachichi.

“Miaka yote hiyo na shoka, na vidole viko vyote,” akasema. “Hicho ndicho cheti mimi huangalia. Ingia.”

Hakupewa kutengeneza kitu. Alipewa kuvunja. Kila kiti kilicholetwa kikiyumba, kila kitanda kilichowaangusha wenyewe, Igoki alimsukumia Kaburu amalizie kukivunja, pole pole, bila kujeruhi kipande hata kimoja. Kisha avipange vipande chini vile vilivyokuwa vimekaa, na Igoki angekuja kusimama hapo juu, mikono kiunoni, na swali lake lile lile.

“Nani alianza kufa?”

Mwanzoni Kaburu alikisia. Mguu huu, kwa sababu ndio umevunjika. Igoki angetikisa kichwa. “Huyo alikufa wa mwisho. Alibeba mzigo wa mwenzake mpaka akachoka. Tafuta mwenzake.” Na kweli, ukitazama vizuri, ungekuta ulimi mmoja mdogo wa kiungio uliolegea ndani ya tundu lake upande wa pili kabisa, na ndio uliowaponza wote. Kaburu alianza kupenda swali hilo. Wakati mwingine alijiuliza akiwatazama watu.

Makosa mengine aliyafanya kama kila mgeni wa kazi. Alikata juu ya mstari badala ya kando yake, ubao ukatoka mfupi, akaambiwa, “Msumeno pia hula. Mpe chakula chake upande wa kutupwa.” Aligonga kidole gumba mpaka ukucha ukabadili rangi. Jioni mkewe, Njoki, alikuwa akimkung'uta maranda kabla hajaingia nyumbani, kama mtu anayekung'uta mkeka.

Njoki alikuwa mshonaji, na mvumilivu, lakini uvumilivu wake ulikuwa na pindo. “Baba Murungi,” alimwambia jioni moja, “Winfred, yule mteja wako wa Majengo, anafungua buchari yake Makutano baada ya mwaka mpya. Anakutaka wewe. Mimi sikukatazi mbao. Lakini ikifika wakati huo na hakuna hata kitu kimoja umefanya wewe mwenyewe, kikasimama, urudi kwa nyama. Tumekubaliana?”

“Tumekubaliana,” Kaburu alisema, na usiku huo hakulala vizuri.

Siku chache baadaye Njoki akawa kwenye simu na babake, mzee Kivuti, anayekaa Mbeere, kule chini kwenye joto la Embu ambako mawingu hupita bila kusalimia. Mchwa walikuwa wamemaliza mlango wa nyumba kubwa. Mzee alikuwa akiulizia bei ya mlango wa dukani.

“Usinunue, baba,” Njoki akasema. “Mume wangu ni fundi sasa.”

Kaburu alimtazama mkewe kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa katika matangazo ya vifo.

Huyu Kivuti si mkwe wa kupelekewa kitu cha kubahatisha. Siku ya posa, alipoambiwa kijana anafanya kazi gani, alisema tu, “Angalau binti yangu hatakosa mchuzi.” Na kwa kuwa mtoto wa pili wa Kaburu alipewa jina la mzee huyo, kama desturi ilivyo, na hivyo Kaburu akawa baba wa Kivuti mwingine, mzee alimwita mkwewe “baba”, nusu heshima, nusu kejeli. Kaburu hakuwahi kujua nusu ipi ndiyo kubwa.

Igoki aliposikia habari ya mlango, alielekeza penseli juu, kwenye mapao ya banda, mahali mbao zilikuwa zimelazwa zikitenganishwa kwa vijiti. “Chukua zile.”

Kaburu akapanda, akazitazama. Zilikuwa za kijivu, zina vumbi na utando wa buibui. Alipoinua moja, ilikuwa nyepesi mpaka akaionea huruma. Ndani yake muuza nyama aliamka. Kitu cha zamani, kilichofifia rangi, kilichopungua uzito: hicho, dirishani pa Majengo, hata mbwa angekutazama mara mbili kabla ya kukikubali.

“Asante, fundi. Nitaangalia,” akasema, akashuka.

Akaenda Githongo, kwa mjomba wake Mutugi, aliyekuwa amekata mti mkubwa wa mukima katikati ya kahawa yake na mbao zikapasuliwa hapo hapo shambani. Hizo ndizo mbao. Zilikuwa na wekundu mzuri, zinanukia, na ukiweka kiganja kinatoka na unyevu. Uzito wake ulimfanya Kaburu agune alipobeba ya kwanza, na akaguna kwa furaha. Nzito, safi, ya leo. Alichagua kama alivyokuwa akiwachagulia wateja aliowapenda.

Mlango aliufanyia nyumbani, nyuma ya vyumba vya kupanga, kwa sababu alitaka uwe wake peke yake. Mvua za Novemba zilinyesha juu ya mabati naye anapiga randa chini ya kibaraza. Mbao zilikubali kisu kama siagi. Alizisimamisha bega kwa bega, akazishika kwa nyuma na mbao tatu za kulala na moja ya mshazari, na baina ya ubao na ubao usingepitisha hata wembe.

“Mlango umefika wapi?” Igoki aliuliza siku moja.

“Unaenda, fundi.”

“Mbao?”

“Nilipata nzuri.”

Igoki akamnusa kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula kwa jirani, akatazama zile zilizobaki juu kwenye mapao, akaendelea na randa yake.

Mlango ulisafiri kabla ya Krismasi kwa pikapu inayoshusha viazi na kurudi na ndengu. Ulipofungwa kwenye fremu, uliingia kama kifuniko cha sufuria mpya. Kivuti aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, sikio amelitega.

“Unanyamaza,” alisema. Ule wa zamani ulikuwa ukilia kama punda.

Mbuzi akaletwa, na kisu akapewa nani kama si mkwe. Kaburu alichinja, akachuna, akagawa kila mtu sehemu yake ya desturi bila kuuliza. Walipokuwa wakila, mzee akamwambia mbele ya watu, “Mlango ni mzuri, baba. Lakini mbuzi umemjua zaidi.” Watu wakacheka. Kaburu naye akacheka, maana kwa mara ya kwanza kejeli haikumchoma. Kitu chake kilikuwa kimesimama. Alimwangalia Njoki, na Njoki akainua nyusi kidogo: sawa, umeshinda.

Wiki zikapita. Januari ilikuwa kavu, na ya Mbeere ilikuwa kavu zaidi. Winfred naye alichelewa kufungua, akawa bado anatuma salamu. Kaburu alikuwa hata amepanga maneno ya kumkatalia kwa adabu, ndipo simu ikalia akiwa bandani.

“Baba,” ilisema sauti ya Kivuti.

“Ndiyo, mzee.”

“Mlango wako umeanza kutuchungulia.”

Kaburu akacheka akidhani ni utani.

“Kifaranga ameingia ndani,” mzee akaendelea.

“Labda mtu aliuacha wazi.”

“Umefungwa na komeo. Kifaranga amepita katikati.”

Hakumwambia Igoki. Alisema ana shughuli kwa wakwe, jambo ambalo halikuwa uongo, akatia nyundo, msumeno na randa yake kuukuu ndani ya gunia. Njoki alimsindikiza hadi nje. Hakumlaumu. Alisema tu, “Winfred anafungua Jumamosi. Amesema anataka jibu.” Hilo lilitosha.

Kule Mbeere jua lilikuwa limekaa juu ya paa kama mwenye nyumba. Mlango ulining'inia mbele yake na Kaburu alihisi aibu ya mzazi aliyeitwa shuleni. Kila ubao ulikuwa umejitenga na mwenzake. Katika nyufa nyingine kiganja kilipita wima. Kona ya chini ilikuwa imejitokeza nje kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Lakini lililomuuma zaidi halikuwa hilo. Mama mkwe wake, mama Tabby, ambaye kwa adabu ya ukwe hakuwa akisema naye mengi, alikuwa ametundika leso yake nzuri kwa ndani kuficha nyufa. Leso ile ilikuwa imesema yote bila kufungua mdomo.

Kivuti alitoka nyuma ya ghala na kipande cha bati. Leo hakuwa na kejeli, na hilo lilikuwa baya kuliko kejeli. “Pigilia hiki hapo juu, yaishe,” alisema. “Sisi hatutasema kwa mtu. Mtu hawezi kujua kazi zote, baba. Ile yako unaijua.”

Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa mtego. Kaburu alichukua bati. Lilitosha. Misumari michache, nyufa zizibike, apige simu Makutano, na kufikia Jumamosi awe nyuma ya dirisha, aproni kifuani, mtu anayejua kazi yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Aliliinua bati juu ya ufa, akaweka msumari, akainua nyundo.

Mkono ukakataa kushuka. Alikuwa amewahi kufanya hivi. Gogo. Lilipasuka, naye akalifunga pete ya chuma, watu wakamsifu, na katika sifa zote zile hakuna siku aliyojiuliza kwa nini gogo zima, lisilo na mdudu, lilipasuka.

Akaweka bati chini. Akatoa komeo, akafungua bawaba, akaulaza mlango uani, akaanza kung'oa misumari.

“Sasa unafanya nini?” Kivuti akauliza. “Unataka kutuachia shimo kabisa?”

“Navunja, mzee.”

“Hilo naliona.”

Alipanga vipande chini vile vilivyokuwa vimekaa, akasimama juu yake, mikono kiunoni. Nani alianza kufa? Bawaba zilikuwa nzima. Mbao za kulala zilishika bado. Misumari haikulegea. Alikagua mmoja mmoja kama anayetafuta mwizi kati ya ndugu, na hakuna aliyekuwa na hatia. Mwishowe akainama kuinua ubao wa kati ausogeze kivulini, na karibu aanguke chali, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo.

Aliushika kwa mkono mmoja. Ubao ule ule uliomfanya agune Githongo. Uzito umeenda wapi?

Ndipo aliposikia sauti yake mwenyewe, ya miaka yote ya Majengo, ikijibu akina mama waliorudi na malalamiko dirishani. “Nyama yako inapungua, wewe kijana. Ilikuwa imejaa sufuria, sasa imekuwa kijisahani.” Naye, akifuta shoka: “Ni maji yametoka, mama. Kitu kibichi lazima kipungue.” Alikuwa amelisema hilo mara nyingi kuliko jina lake. Alilijua kabla ya kujua kushika msumeno. Kumbe ujuzi unaweza kukaa nawe nyumba moja miaka yote na usikusalimie, kwa sababu uliuzoea ukiwa umevaa aproni.

Kaburu akacheka peke yake. Kivuti akamtazama, kisha akatazama jua, akamsogezea mtungi wa maji.

Sasa ndipo mbao zilikuwa mbao. Jua la Mbeere lilikuwa limezifanyia kazi aliyokataa kuisubiri. Zile zilizopinda alizisawazisha kwa randa, akanyoosha kingo, akazisimamisha upya bega kwa bega. Zikakubaliana, ila kando pakabaki pengo la upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kile kilichokauka hakirudi. Lazima mtu akijazie.

Mzee Kivuti, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akijifanya hatazami, aliinuka akaondoka. Akarudi akiburuta ubao mweusi kutoka zizi la mbuzi, mahali ulipokuwa ukizibia kona.

“Huu ulikuwa kwa mlango wa babangu,” alisema. “Mti mgumu wa huku kwetu. Mchwa walionja, wakauacha. Angalia kama utakubali.”

Haukukubali kwa urahisi. Ulikula makali ya randa mpaka Kaburu akaomba jiwe la kunolea, na jioni ikamkuta bado anasugua. Akalala kwa wakwe. Asubuhi akaugonga mahali pake, mweusi kando ya mbao nyekundu, akaurudisha mlango kwenye bawaba.

Mama Tabby alikuja, akatoa leso yake kwenye msumari, akaikunja vizuri, akaenda nayo. Kaburu hakuhitaji kitu kingine.

Kivuti akaingia ndani, akajifungia. Kaburu alisimama nje, gunia la vyombo mkononi, simu mfukoni bado haina jibu la Winfred.

“Baba,” sauti ikatoka ndani.

“Ndiyo, mzee.”

“Sikuoni.”

“Hata mimi sikuoni.”

“Basi huu ni mlango.”

Alipofika Kinoru, Igoki alimpokea kwa kumtazama miguuni, ambako vumbi jekundu la Mbeere lilikuwa bado limeshika viatu.

“Mlango ulifungua nyufa?” akauliza.

“Ulichungulia. Ulijua?”

“Ulikuja hapa ukinuka maji ya mti wiki nzima.”

“Na hukuniambia.”

“Nilikuambia uchukue za juu.”

“Hukusema kwa nini.”

“Na wewe hukuuliza kwa nini,” Igoki akasema. “Uliona vumbi ukashuka. Mtu akishajua kitu kimoja sana, kumwambia cha pili ni kazi. Ningekukataza, ungesema huyu mama anataka kuniuzia mbao zake za zamani.”

Ndivyo hasa Kaburu alivyokuwa amefikiri.

Hawajamaliza, pikapu ikasimama nje. Akashuka Winfred, mama wa maneno mengi na haraka nyingi. “Kaburu, mimi nafungua Jumamosi, na simu hushiki. Unakuja ama hukuji?”

“Siji, mama. Asante. Tafuta mtu mwingine mapema.”

Winfred akamtazama, akatazama banda, kama anayetafuta ni nini humo ndani kilichomshinda. Hakukiona. “Sawa. Basi nichongee gogo la kukatia. Hilo hata ukilala utaweza. Mti ninao hapo nyuma, umekatwa juzi tu, bado mbichi.”

Kaburu akaenda kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya gogo. Kikatoka na unyevu. Lilikuwa zuri, pana, linanukia.

“Hili litapasuka,” akasema.

“Utalifunga na chuma. Si ndivyo ulifanya lile la Majengo?”

“Ndivyo. Niachie likae juu huko mpaka mvua nyingine ipite, halafu nitakuchongea lisilohitaji chuma.”

“Na Jumamosi nikatie wapi, kwa goti?”

“Basi tafuta mwingine, mama. Mimi siuzi kibichi.”

“Wewe?” Winfred akashika kiuno. “Miaka yote hiyo ulikuwa unaniuzia nini?”

“Nyama.”

Winfred alirudi ndani ya pikapu akinung'unika, na gogo lake likaondoka likibingirika nyuma. Igoki aliendelea kupiga randa mpaka sauti ya injini ikaisha barabarani.

“Umenifukuzia mteja,” alisema.

“Ndiyo, fundi.”

“Mzuri, tena analipa.”

“Najua.”

Igoki akachomoa penseli kwenye kilemba, akaitazama ncha yake, akamrushia. “Kuna mwalimu wa Githongo anataka mlango. Nimemwambia nina mtu. Panda huko juu uchague mbao.”

“Nitachagua, wewe utaangalia?”

“Mimi nina kazi yangu.”

Kaburu akapanda kwenye mapao. Vumbi lilimwingia puani akapiga chafya, buibui wakakimbia. Aliinua ubao wa kwanza, akaupima kwa mkono, akaunusa kwa muda mrefu kama mteja asiyemwamini mwenye duka. Haukunuka kitu. Akauweka begani, akaanza kushuka nao.